Ufa na Ukuta: Uchunguzi wa Madaraja Makuukuu na Kivuko cha Nile hapo Jinja

Wahenga wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa wavivu, na kwa hakika ni onyo jema. Lakini mtu akiitazama kwa jicho la fundi ataona kwamba ndani yake mna swali ambalo wahenga walituachia tulijibu wenyewe: ufa umetokana na nini? Ufa wa ukuta uliokauka vibaya huzibwa kwa udongo na kazi ikaisha. Ufa wa ukuta ambao msingi wake unadidimia, hata ukizibwa mara kumi, utafunguka mara ya kumi na moja, na mwenye kuuziba atakuwa amejidanganya yeye mwenyewe pamoja na wale walalao ndani ya nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuziba hapana budi kuchunguza, na baada ya kuchunguza hapana budi kuamua kama ukuta huo ni wa kuzibwa au ni wa kujengwa upya.

Katika insha hii tunakusudia kulifuata swali hilo kwa kutazama madaraja ya barabara kuu yaliyozeeka, na hasa kivuko cha mto Nile hapo Jinja, nchini Uganda. Huenda msomaji akauliza daraja linahusiana nini na utamaduni. Tunajibu kwamba utamaduni si ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Ufundi wa watu, namna wanavyotunza mali ya wote, na namna wanavyofikia uamuzi juu ya jambo zito, hayo yote ni sehemu ya utamaduni wao. Daraja ni chombo ambacho kila apitaye huweka uhai wake juu yake bila ya kuuliza. Uaminifu huo wa wapita njia ni amana, na amana haina budi kulindwa.

Mto kabla ya daraja

Wasoga, wakaao mashariki ya mto, huuita Kiyira. Waganda, wakaao magharibi, huliita ziwa linalouzaa mto huo Nalubaale. Majina hayo yalikuwapo zamani kabla ya tarehe 28 Julai 1862, siku ambayo Mwingereza John Hanning Speke alifika penye maporomoko ya maji yatokayo ziwani na kuyapa jina la Ripon. Maporomoko mengine yaliyokuwa chini kidogo ya hayo yaliitwa Owen, kwa jina la afisa mmoja wa Kiingereza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule: mgeni alipofika mahali, mahali palihesabiwa kuwa ndipo pamezaliwa.

Reli itokayo Mombasa ilifika kwenye ufuko wa ziwa hapo Kisumu mwaka 1901. Kwa muda wa miaka mingi baada ya hapo abiria na mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli. Ni mwaka 1931 tu ambapo daraja la reli juu ya Nile lilikamilika pale Jinja, na garimoshi likaweza kwenda moja kwa moja mpaka Kampala. Kisha likaja bwawa. Wakuu wa serikali ya kikoloni walitamani umeme kwa viwanda, na Halmashauri ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948 kwa kazi hiyo. Bwawa la Owen Falls, lenye kimo cha mita 30 hivi, lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon na ya Owen yakazama, na juu ya ukuta wa bwawa ikapitishwa barabara.

Hapo ndipo kiini cha kisa chetu kilipo. Jengo moja lilitwikwa kazi mbili: kuzuia maji ili yazalishe umeme, na kubeba magari. Katika mwaka 1954 mzigo huo wa pili ulikuwa mwepesi. Malori yalikuwa madogo na machache, na mizigo mizito ilikwenda kwa reli. Lakini miaka ilivyosonga, reli ilidhoofika, biashara ikakua, na barabara ile ikawa mshipa mkuu wa nchi nyingi. Shehena iliyoteremshwa Mombasa ilipita Nairobi, ikavuka mpaka Malaba au Busia, ikapita juu ya bwawa la Jinja, ikaenda Kampala, na kutoka huko ikaelekea Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Lugha ya madereva na utingo katika safari yote hiyo, kutoka bandarini mpaka Goma na Bukavu, ni Kiswahili.

Uzito wa njia hiyo ulionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli, petroli iliadimika Uganda na Rwanda katika muda wa siku chache tu. Hakuna daraja lililovunjika wakati ule, lakini watu walipata kuonja matokeo ya njia moja kuzibwa. Ingekuwaje kama kilichozibwa kingekuwa kivuko cha Jinja, nacho kikazibwa kwa mwaka mzima?

Jinsi daraja linavyoulizwa

Daraja halisemi, lakini likiulizwa kwa ustadi hujibu. Uchunguzi wa awali wa daraja kuukuu huanza katika masanduku ya michoro. Wahandisi hutafuta karatasi za ujenzi: msingi ulichimbwa kwa kina gani, nondo zilikuwa za unene gani, zege lilichanganywa kwa kipimo gani, na daraja lilikusudiwa kubeba uzito gani. Michoro ikipatikana, kazi imepungua nusu. Ikiwa imepotea, au imebaki katika ofisi za nchi ya mbali, mhandisi hulazimika kulisoma daraja kama mtu asomaye kitabu kilichonyofolewa kurasa.

Baada ya hapo hufuata macho na mikono. Wachunguzi hupita juu ya daraja, chini yake na ubavuni mwake. Hugonga zege kwa nyundo na kusikiliza, kwa sababu zege zima hulia kwa sauti kavu, na zege lililoachana na nondo hulia kama mtungi mtupu. Hupima upana wa kila ufa, huweka alama na tarehe, kisha hurudi baada ya miezi ili kuona kama ufa umetanuka au umetulia. Ufa uliotulia huenda ni kovu la zamani, bali ufa unaoendelea kutembea ni ugonjwa.

Kisha hufuata maabara. Vipande vya zege hukatwa na kupimwa kwa kukandamizwa mpaka vipasuke. Juu ya zege lililovunjwa upya hupakwa dawa ambayo hugeuka rangi ya waridi iliyokoza mahali penye uzima, lakini hubaki bila ya rangi pale ambapo hewa ya ukaa imekwisha kuingia. Jambo hilo si la mchezo. Zege jipya huikinga nondo isipate kutu. Hewa ya ukaa ikilifikia eneo la nondo, kinga hiyo hutoweka, nondo hupata kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka kutoka ndani. Upo pia ugonjwa mwingine, wa kokoto za aina fulani kutopatana na saruji. Zikikaa katika unyevu kwa miaka mingi huvimba polepole, na jengo zima hutanuka na kujaa nyufa. Katika ugonjwa wa namna hii, kupaka lipu mpya juu ya ufa ni sawa na kumpaka poda mgonjwa wa homa.

Mwisho huhesabiwa mzigo. Magari huhesabiwa mchana na usiku kwa siku kadhaa, uzito wake hupimwa kwenye mizani, na hesabu hupigwa ya idadi itakayokuwapo baada ya miaka 20 au 30. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari moja pamoja na mzigo wake. Mhandisi wa miaka ya 1950 hakuwa na sababu ya kuota gari kama hilo. Kwa hiyo huweza kutokea kwamba daraja halina kosa lolote, halina kutu wala ufa, na bado likawa limepitwa na wakati kwa sababu dunia iliyo juu yake imebadilika.

Dunia ilijifunza umuhimu wa kazi hii kwa machozi. Huko Marekani, tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver lililovuka mto Ohio hapo Point Pleasant lilianguka likiwa limejaa magari, na watu 46 wakafa. Lilikuwa limejengwa mwaka 1928, wakati wa magari mepesi. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo kilikuwa ufa katika kiungo kimoja cha chuma, ufa ambao kina chake kilikuwa milimita chache tu, nao ulikuwa mahali ambapo jicho halikuweza kufika bila ya kulifungua daraja. Baada ya msiba huo nchi hiyo ikaweka mwaka 1971 kanuni za kuyakagua madaraja yote ya barabara kuu kwa vipindi maalumu. Na tarehe 5 Aprili 1987 daraja jingine la nchi hiyo, juu ya kijito cha Schoharie, liliangushwa na mafuriko yaliyokuwa yamekula udongo chini ya nguzo zake, na watu 10 wakafa. Katika msiba wa kwanza ugonjwa ulikuwa ndani ya chuma, na katika wa pili ulikuwa chini ya maji.

Mto una kumbukumbu ndefu

Maji usiyoyafika hujui kina chake. Katika uchunguzi wa daraja methali hii yafaa ichukuliwe kwa maana yake ya wazi kabisa. Lazima ijulikane mto hufurika kwa kimo gani, mkondo wake una nguvu gani, na chini ya matope mwamba uko wapi. Mwamba hutafutwa kwa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi na kutoa vipande vyake mita baada ya mita. Mafuriko hutafutwa katika vitabu vya vipimo, na pale vitabu vinapokoma, hutafutwa katika vinywa vya wazee.

Ziwa Nalubaale latupa funzo kubwa katika jambo hili. Vipimo vya kimo cha maji yake vilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka 60 hivi ziwa lilipanda na kushuka bila ya makuu. Mtu aliyeketi mwaka 1960 na kuzisoma takwimu hizo angeweza kuapa kwamba amekwisha kulijua ziwa. Kisha, kati ya mwaka 1961 na 1964, mvua kubwa zililipandisha kwa zaidi ya mita 2. Vijiji vya pwani ya ziwa vilifurikwa katika Uganda, Kenya na Tanganyika, na mto Nile ukabeba maji mengi kupita ulivyozoeleka. Na mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda tena hata likakipita kidogo kiwango cha mwaka 1964. Miaka 60 ni mirefu kwa mwanadamu, lakini kwa mto ni kama wiki moja.

Majibu matatu

Uchunguzi ukikamilika, taifa hukabiliwa na njia tatu, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki tunayo mifano ya kila moja.

Njia ya kwanza ni kukarabati. Daraja la Karuma, livukalo Nile katika barabara ya kwenda kaskazini mwa Uganda, lilijengwa mwaka 1963. Mwaka 2024 hali yake ilionekana kuwa mbaya kiasi cha kulazimu lifungwe kwa miezi kadhaa ili litengenezwe, na magari yakashika njia ndefu za mzunguko. Ukarabati huonekana rahisi kwa fedha, lakini gharama yake nyingine hulipwa na abiria, wafanyabiashara na wagonjwa wakati njia imefungwa. Gharama hiyo nayo ni lazima iandikwe katika hesabu.

Njia ya pili ni kubadilisha. Mombasa na Nyali ziliunganishwa mwaka 1931 kwa daraja lililoelea majini, nalo likatumika karibu nusu karne mpaka daraja la zege lilipochukua nafasi yake mwaka 1980. Kwetu Tanzania, daraja la Wami katika barabara ya Chalinze kwenda Segera lilijengwa mwaka 1959. Lilikuwa jembamba, la gari moja kwa wakati mmoja, nalo lilikuwa bondeni penye miteremko mikali, hata ajali zikawa nyingi. Kasoro kubwa ya Wami haikuwa katika zege. Ilikuwa katika mahali na katika upana, na kasoro ya namna hiyo haizibiki. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022.

Njia ya tatu ni kulitua daraja la zamani mzigo wake kwa kulipatia msaidizi. Hii ndiyo iliyochaguliwa Dar es Salaam, ambapo daraja la Salenda, la mwishoni mwa miaka ya 1920, lilipanuliwa katika miaka ya 1980, na baadaye likapewa mwenzake, daraja la Tanzanite lipitalo baharini, lililozinduliwa mwaka 2022. Hii ndiyo pia iliyochaguliwa Jinja. Yafaa tuone sababu yake. Barabara ya Jinja ilikuwa juu ya bwawa. Kulifunga bwawa ili lirekebishwe kwa ajili ya magari kungegusa umeme, na kuendelea kulipitisha magari mazito kungelitesa jengo ambalo nchi nzima ililitegemea kwa umeme. Kazi mbili zilizounganishwa mwaka 1954 zilihitaji kutenganishwa.

Upembuzi yakinifu wa daraja jipya, uliofanywa kwa ushirikiano wa Uganda na Shirika la Maendeleo la Japani, ulikamilika mwaka 2009. Mwaka 2010 nchi hizo zilitia saini mkataba wa mkopo wa zaidi ya yeni bilioni 9. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Januari 2014, na daraja likafunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, na sehemu yake ya katikati, mita 290, haina nguzo hata moja majini, bali imeshikwa na nyaya za chuma zilizofungwa kwenye minara miwili. Tangu upembuzi mpaka magari kupita ilikuwa ni miaka 9. Wako waliolalamika kwamba muda huo ni mrefu mno. Lakini tukumbuke kwamba bwawa kuukuu lilikuwa bado limesimama katika miaka yote hiyo, na uchunguzi ulipata nafasi ya kufanywa kabla ya msiba wala si baada yake. Laiti ufa ungengojewa uwe pengo, kungekuwa hakuna muda wa kupima mwamba wala wa kujadiliana juu ya mkopo. Mwenye dharura hana nguvu ya kupatana bei.

Watu na mizimu

Uchunguzi wa awali hauishii kwenye zege na maji. Kila daraja hupita juu ya shamba la mtu, kando ya kaburi la mtu, karibu na duka la mtu. Wapo wauza ndizi, wachoma nyama na wenye nyumba za wageni ambao riziki yao yote ni magari yanayopunguza mwendo penye daraja la zamani. Njia ikihamishwa hata kilometa moja, riziki hiyo huhama nayo. Wachunguzi wasiowauliza watu hao huandika ripoti nzuri iliyo nusu.

Mto wenyewe pia huwa na heshima yake. Chini ya Jinja palikuwa na maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyahesabu kuwa ni makao ya mzimu mkuu. Ilipopangwa kujengwa bwawa jipya hapo, mashauri marefu yalifanyika juu ya matambiko ya kuihamisha mizimu, na mabishano yakazuka juu ya nani mwenye haki ya kuyaendesha. Bwawa lilizinduliwa mwaka 2012 na maporomoko yakazama. Msomaji anaweza kuamini au kutoamini habari za mizimu. Lakini hawezi kukana kwamba mahali palipotukuzwa na vizazi vingi pana thamani isiyoandikwa katika jedwali la mhandisi, na kwamba mwenye kupuuza thamani hiyo hujenga juu ya manung'uniko.

Twaona faraja pia katika majina. Bwawa lililoitwa Owen Falls sasa huitwa Nalubaale, na lile la pili lililojengwa kando yake huitwa Kiira. Maporomoko yalipotea, lakini majina ya wenyeji yalirudi.

Nani achunguze?

Limebaki swali ambalo twadhani ndilo zito kuliko yote. Madaraja yetu mengi yalichorwa na wageni, yakajengwa kwa fedha za wageni, na hata yalipozeeka walioitwa kuyapima aghalabu walikuwa wageni. Hatusemi kwamba kukopa maarifa ni aibu. Mataifa yote yamekopa, na Japani yenyewe ilikopa sana kabla ya kuwa mkopeshaji. Tunachosema ni kwamba mkopo wa fedha hulipwa ukaisha, lakini anayekopa uamuzi hubaki na deni daima. Mtaalamu mgeni akiondoka na vipimo vyake, baada ya miaka 50 wajukuu wetu watayatafuta tena masanduku ya michoro wasiyakute.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wa historia, jiografia, hesabu na sayansi wasiliache somo hili kwa wahandisi pekee. Karibu kila shule iko karibu na daraja, kubwa au dogo. Wanafunzi waweza kulipima, kuandika mwaka wa kujengwa kwake, kuhesabu magari kwa saa moja kila muhula, kuwauliza wazee maji yalifika wapi katika mafuriko ya zamani, na kuitia alama nyufa wanayoiona pamoja na tarehe yake. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa miaka 20 litakuwa na thamani kwa mchunguzi yeyote atakayekuja, awe mwenyeji au mgeni, na huenda mchunguzi huyo akawa ni mmoja wa wale walioliandika walipokuwa kidato cha pili.

Ukuta uliojengwa mara moja hauwi umejengwa milele. Daraja jipya la Jinja nalo limekwisha kuanza kuzeeka tangu siku lilipofunguliwa, na nyaya zake zahitaji mtu wa kuzikagua mwaka huu na mwaka ujao. Kazi hiyo haina tarumbeta wala utepe wa kukatwa, lakini ndiyo iendeleayo kuwavusha watu salama.